Likizo ya Ngwali

Meneja wa kiwanda cha sabuni aliwaachia wafanyakazi waamue, maana wao ndio wangeziba pengo: je, mwanamume aliyepata mtoto apewe likizo ya mwezi yenye mshahara?

Ngwali alikaa nyuma, kichwa chini. Wiki iliyopita mkewe alijifungua mapacha kwa upasuaji, na bado hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono.

"Kwani yeye ndiye aliyezaa?" aliuliza Chande, mpakiaji. Ukumbi ukacheka.

Bi Mwanahawa, fundi wa mitambo, akasimama. "Nilipojifungua, mume wangu alikuwa hapa kazini. Nilianguka bafuni, nikalala sakafuni mpaka jioni, nikimsikia mtoto akilia." Akainua mkono. "Apewe."

Kisha Chande naye akainua wake, bila kumtazama mtu. Mikono ikafuatana.

Ngwali aliingia nyumbani saa nne asubuhi. Mkewe akashtuka. "Baba Kulwa, wamekufukuza?"

"Hapana. Wamenipa mwezi mzima. Hebu nipe huyo anayelia."

Mkewe akacheka huku akijishika tumbo. Mtoto akanyamaza kifuani pa baba yake, vidole vimekamata kifungo cha shati.