Mbwa Aliyefundishwa Kunyamaza

Palikuwa na Nyani aliyependa usingizi kuliko chakula. Aliokota mtoto wa mbwa, akamlea, akaanza kumfundisha kunyamaza. Mbwa akibweka, Nyani humgeuzia mgongo. Akinyamaza, humlaza mapajani na kumtoa kupe masikioni. Wakapendana mno.

Kobe, ambaye hakuwa na haraka na lolote, alimuuliza, "Bwana Nyani, siku chui akija, nani atakuamsha?"

"Si huyu hapa? Siku hiyo atajua mwenyewe la kufanya."

"Atajulia wapi?"

Nyani akamcheka, akalala.

Chui alikuja adhuhuri. Mbwa alimwona tangu mbali. Koo lilimwasha kwa hamu ya kubweka, lakini akakaza taya kama alivyofunzwa. Nyani alipiga ukelele mmoja tu.

Chui aliposhiba na kwenda zake, Kobe alifika akijikokota. "Mbwa we, hukumwona?"

"Nilimwona," alijibu Mbwa, akitikisa mkia. "Na sikubweka hata kidogo."

Kisha akajilaza kando ya bwana wake, akaingiza kichwa chini ya ule mkono uliokwisha kupoa, akageuza sikio, akangoja.