Chachu ya Masalu

Siku ya tatu, pombe ya matanga ilikuwa bado imenyamaza. Nyamizi alitega sikio mdomoni mwa mtungi, asisikie kitu. Kesho ukoo wa marehemu mumewe ungekuja kuinywa, na katika mji ule pombe ya matanga isipotoa povu, watu husema mjane ndiye aliyeua.

"Chachu yako ina njaa," alisema mavyaa wake, mama mzazi wa Masalu. "Chemsha machicha ya pombe ya zamani uimwagie. Chachu hula wafu wake."

Machicha yalikuwa kibuyu kimoja tu, yale aliyoyakoroga Masalu kwa mkono wake wiki moja kabla ya kufa. Tangu azikwe, Nyamizi aliyalisha unga kila asubuhi, nayo yakimjibu kwa povu.

"Mama, haya bado yako hai."

"Yakiingia hai yataongeza midomo, mwanangu. Yakifa ndiyo chakula."

Akayabandika motoni. Yalifura mara moja, yakatulia.

Kufikia jioni mtungi ulikuwa ukinguruma, na mavyaa akapiga vigelegele uani.

Asubuhi Nyamizi aliamka mapema, akachota konzi ya unga kama kawaida yake, akasimama nayo mbele ya kibuyu kikavu.