Kitasa cha Mama Mkwe

"Bado pini moja," nikamwambia Agneta, mchumba wangu. Nilikuwa nimechuchumaa kwa mlango wa chumba cha mamake, waya mbili ndani ya kitasa nikiinua pini zake moja moja, miguu ikiuma.

Sebuleni wazee wangu kutoka Kitale walikuwa wamengoja na posa mpaka chai ikapoa. Mjukuu wake mdogo alikuwa amemfungia Mama mle chumbani, akatupa ufunguo kwa choo. Kitasa chenyewe nilimtumia mimi, nikijigamba ati hakuna mwizi atakiweza. Tangu niache chuo, kuchokora vitasa ndio mchezo wangu, na hiki kilikuwa kimenishinda kila nilipokijaribu kabla ya kumtumia.

Pini ya mwisho ikapanda. Tik.

"Usizungushe!" Agneta akanishika bega. "Huku Bungoma mkwe hakutani na mama mkwe ana kwa ana, tena mlango wa chumba! Posa itakataliwa!"

"Si uzungushe wewe?"

"Nikikosea pini zianguke?"

Nikabana waya zisiteleze.

"Mkwe," Mama akasema huko ndani, "fungua polepole, halafu ukimbie. Usiniangalie."

Nikazungusha. Mlango ukaanza kufunguka.

Nikajaribu kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.