Kura ya Mama Sikudhani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne kasorobo asubuhi, siku taifa zima lilipopiga kura ya kupeleka vijana vitani.

Sheria iliitaka kila nyumba iamue juu ya kijana wake, na kijana mwenyewe hapigi. Marehemu naye alihesabiwa, ikiwa kisanduku cha umeme kilichojifunza maneno yake na kusema kwa sauti yake bado kinawaka. Majirani walivizima vya kwao kwenye arobaini. Linyama, mchomelea majiko, alikiacha cha mkewe Tabu, kwa sababu kila alfajiri kilimwuliza, "Baba Sikudhani, umekunywa dawa?"

Karani wa kura alipoingia na kuuliza, Linyama akasema Hapana, sauti ikafika sokoni.

"Ndiyo," kikasema kisanduku kwa upole uleule wa Tabu.

"Hapana moja, Ndiyo moja," akasema karani. "Zikilingana, mzee, kijana anakwenda."

"Nani katunga hiyo? Wakubwa! Watoto wao wote eti wagonjwa wa miguu, na jioni wanacheza mpira! Mke wangu alilia kuku akichinjwa, leo ampeleke mwanangu vitani? Nakwenda mahakamani, na nitawashinda!"

Karani akabeba begi lake akatoka. Linyama akanyoosha mkono auchomoe waya wa kisanduku, lakini Sikudhani, binti yake wa miaka kumi na tisa aliyepigiwa kura, akamshika mkono.

"Baba, kisanduku kilijifunza maneno yake humu humu ndani. Wewe ulishawahi kumsikia mama akisema hapana?"