Mvua ya Maksi Sita

"Aya tatu za salamu. Mvua inanyesha lini?"

Mudathir aliyasoma tena maneno hayo mekundu, amesimama uani na taulo begani. Juu yake palikuwa na maksi: sita kwa ishirini.

Maksi sita, yeye! MC ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, anagombewa na maharusi kutoka Kipawa hadi Ukonga. Akishika maiki, hata wapishi wanasahau masufuria.

Ndiyo maana, Mwalimu Marietha alipoanza kuwapa kidato cha pili insha za kuandikia nyumbani, Mudathir alimwambia binti yake asijisumbue kufikiri. Yeye angetamka, Najat angeandika. Najat alisema anaweza mwenyewe. Baba akamwambia atulie, akaanza kuzunguka sebuleni kama yuko ukumbini.

Insha ya kwanza ilirudi na maksi tano na maneno mawili: "Majigambo mengi." Ya pili ilirudi na tano na nusu. Sasa hii ya mvua.

Mudathir alijua tatizo liko wapi. Mwalimu alikuwa mtu wa bara.

"Kiswahili kakikuta shuleni," alimwambia Najat. "Sie tumezaliwa nacho. Kesho naenda."

"Usiende, baba," alisema Najat. "Maksi ni maksi tu."

Alikwenda, tena na suti ya kazi. Mwalimu Marietha alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Mudathir hakukaa. Aliwasalimu walimu waliokuwemo ofisini, akawasalimu waliokuwa madarasani, akamshukuru mkuu wa shule ambaye siku hiyo hakuwepo. Ndege ikapita ikinguruma juu ya bati, ikambidi aanze upya. Mwishowe akatoa ile karatasi, akaeleza kwa urefu kwamba mwanafunzi mwenye kipaji kama hiki anaonewa.

Mwalimu aliisoma yote. Kisha akasema kwamba Najat ndiye anayeongoza darasa kwa insha, na hiyo ya mvua alipata kumi na nane. Karatasi hii hakuwahi kuiona.

"Haiwezekani," alisema Mudathir. "Hii nimeitunga kwa kinywa changu mwenyewe!"

Ofisi nzima ikainua vichwa. Mudathir akakaa.

Mwalimu Marietha aliilaza karatasi mezani. Aliweka kidole kwenye mstari wa wino wa buluu, kisha akakipeleka taratibu kwenye maneno mekundu ya pembeni. Mwandiko ulikuwa mmoja.

"Amekupendelea, Baba Najat," alisema. "Mimi ningekupa nne."