Kipande au Maji

Ijumaa ile watu wa Mtundwe waliswali kwa mafungu mawili: wa sabuni ya kipande upande wa kulia, wa sabuni ya maji upande wa kushoto. Imamu alipogeuka kulia kutoa salamu, wa kushoto walinuna mpaka alipowageukia na wao.

Aliyeleta mambo hayo ni Gildo, kijana wa kampuni ya gesi. Tangu gesi ionekane chini ya bahari, watu wa kampuni walikuwa wameshakuja Mtundwe mara mbili na ramani, wakitaka kijiji kihame. Mara zote mbili chefe Buanali, mkuu wa kijiji, aliwajibu kuwa hapa ndipo walipolala wazee wao, akakunja mkeka, mkutano ukaisha.

Safari hii Gildo alishusha garini maboksi mawili, akayaweka chini, akaonyesha viganja vitupu.

"Leo sina ramani," alisema. "Kampuni inataka kuwapa sabuni ya kuogea, bure, kila nyumba. Lakini zama za kumchagulia mtu zimepita. Mtachagua wenyewe: kipande au maji?"

Watu walitazamana. Hawajapata kuulizwa hata barabara ipite wapi, na leo wanaulizwa wanapenda povu gani. Vifua viliwajaa.

Atija hakulala kwa furaha. Alikuwa mjane, na wanawe aliwalea kwa sabuni: alileta miche kutoka Mtwara, akaikata vipande kwa uzi, akauza kibarazani kwake. Gildo alikuwa amemfuata pembeni na kumnong'oneza, "Wakichagua kipande, mama, kampuni itanunua kwako."

Siku hiyo hiyo Gildo alimpelekea chupa ya sabuni ya maji wifi yake Atija, Hafsa, msusi anayejulikana mpaka Palma mjini. "Mwanamke wa kisasa kama wewe," alimwambia, "ndiye wa kuwazindua wenzio."

Basi vita vikaanza.

"Kipande kimoja," Hafsa aliwaambia wanawake kisimani, "kinapita kwapani kwa baba, kinapita kwapani kwa mgeni, kisha wewe unajipaka usoni. Haya, jipakeni."

"Sabuni ya maji ni mkwe mlevi," Atija akajibu. "Haikai mkononi. Ukiinamisha chupa tu, mchanga umeshaoga kabla yako."

Mawifi hao, waliokuwa wakikuna nazi kwa mbuzi moja, wakaacha kusalimiana. Vijana walianza kutembea na chupa mifuko ya nyuma, nusu zionekane. Bwana mmoja alirudishiwa posa yake kwa kuwa kwao ni watu wa kipande. Gildo alikuwa akipita kila baada ya muda, akisikiliza pande zote mbili kwa adabu, akiitikia kwa kichwa. "Está bem, está bem, vyema kabisa. Endeleeni kujadiliana. Hii ndiyo sauti ya jamii."

Chefe Buanali alikuwa amenuia kukaa kando. Lakini nyumbani kwake nako mkewe alikuwa wa maji, na yeye anapenda kipande, na chakula kikaanza kuchelewa. Mwisho aliwaita watu wote kisimani wakate shauri kwa macho.

Alisimamishwa Cassimo, fundi baiskeli, kwa sababu hapakuwa na mtu mchafu kuliko yeye. Amevaa kaptura, upande wa kulia akaogeshwa kwa kipande, upande wa kushoto kwa maji. Kila upande ndoo moja ya maji ya chumvichumvi ya kisima kile.

Kulia, povu lilikuwa haba, likaondoka kwa kata chache. Kushoto lilifura likamfunika hadi sikioni. Ndoo ikaisha, na Cassimo bado anateleza kama pweza.

"Niongezeeni maji!" alipiga kelele. "Adhana i karibu, nami nusu yangu haijatakata!"

Kijiji kikaangua kicheko. Hafsa alijikaza, akajikaza, mwisho naye akapasuka, akacheka mpaka akamwegemea Atija begani. "Umenishinda, wifi yangu," alisema akifuta machozi. Atija alimshika kiuno, naye machozi yakamtoka, ila yake hayakuwa ya kicheko. Tangu mumewe afariki hapakuwa na siku ambayo watu walisimama upande wake hivyo.

Gildo alitoa kamera, akaomba kura ipigwe. Wa kipande waliinua mikono, wengi sana. Wa maji nao wakaulizwa, wakainua, maana kushindwa si kunyamaza. "Sasa wote pamoja," alisema. "Kijiji kizima, kwa umoja. Mikono juu! Na wewe, chefe, usituharibie picha." Buanali alicheka, akainua wa kwake juu kuliko yote. Hapakubaki mkono hata mmoja chini.

Wanawake walipiga vigelegele. Atija alimsogelea Gildo. "Nianze lini kuwagawia watu, mwanangu? Nianzie nyumba za huku juu au za pwani?"

"Hapana, mama, usisumbuke kuzunguka. Wewe funga tu sabuni zako kwenye maboksi, lori litakuja kubeba."

"Libebe lipeleke wapi?"

"Kwenye mabafu yenu. Nyumba zenu mpya zimekwisha kujengwa, kule kwenye njia ya Pundanhar. Kila bafu litawekewa kidau cha sabuni ukutani. Mafundi walikuwa wanangoja tu kujua ni cha kipande au cha chupa."

Vigelegele vilikatika. Chefe Buanali alishusha mkono wake taratibu.

"Kijana, sisi kuhama tulikataa. Mara mbili."

"Najua, chefe," Gildo alisema, akirudisha kamera mkobani. "Ndiyo maana safari hii tumewauliza sabuni."