Kosa la Kila Jumamosi

Mwalimu Gerson alifuta nukta mbili mwishoni mwa mstari wa kuazimisha vitabu katika programu yake ya maktaba, akaiendesha kuhakikisha imekataa, kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kesho yake Naserian, binti aliyekuwa akimfundisha kompyuta, angepanda kutoka Tengeru kuja kulitafuta kosa, na kulitafuta kungekula asubuhi nzima.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameharibu alama za nukuu. Kabla ya hapo alilibadili jina la orodha ya wasomaji sehemu moja, nyingine akaliacha vilevile. Hilo lilikuwa kosa tamu. Lilimweka binti yule huku Nkoaranga, nyumbani kwa Gerson, mpaka saa tisa alasiri, wakala pamoja loshoro, mahindi ya maziwa mgando, akacheka hadi machozi Gerson alipomsimulia jinsi nyuki walivyoivunja ibada ya sikukuu ya Mikaeli kanisani mwaka mmoja wa zamani.

Machoni pa watu, mwalimu huyu mstaafu alikuwa mzito wa kuelewa. Kituo cha kompyuta kule Tengeru kilifundisha bure watu wanaoanza, kila mmoja akijenga programu ndogo ya maktaba: kuingiza kitabu, kukiazimisha, kukirejesha. Gerson alitaka yake ifanye kazi kweli, kwa ajili ya vitabu vya usharika vilivyorundikana chumba cha nyuma ya kanisa. Na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamechoka na ile miteremko, kituo kilimtuma Naserian amfuate nyumbani kila Jumamosi. Sharti lilikuwa moja: programu ikikaa wiki nzima bila kukataa, imekamilika, na Naserian haji tena.

Sharti hilo ndilo lililomharibu mzee wa watu. Tangu Tabea, mke wake, azikwe pale chini ya migomba, kiti chake kilikuwa hakijakaliwa na mtu. Naserian alikivuta siku ya kwanza bila kujua, akakaa, na nyumba ikawa nyumba tena. Watoto wa Gerson wako Mwanza na Mtwara. Hupiga simu, huuliza kama amemeza dawa, basi. Upweke ulikuwa unamla, na hakuwa na wa kumwambia. Kwa hiyo kila Jumamosi binti aliiacha programu ikiwa nzima, na kila Jumamosi iliyofuata aliikuta imekataa.

Ajabu ni kwamba hakuuliza hata mara moja kosa limetoka wapi.

"Kompyuta nazo zina hasira zao, Mwalimu," alikuwa akisema, akivuta kiti.

Jumamosi hiyo mvua za mwisho za masika zilikuwa zimeilowesha njia yote. Naserian alifika amechelewa, sketi imejaa tope, goti limechubuka na kuvuja damu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka?"

"Ni utelezi tu wa pale darajani. Tuone leo imekataa wapi."

Gerson alimletea maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, akakaa kando akimtazama. Macho ya binti yaliteremka mstari kwa mstari. Yalifika kwenye ule uliokosa nukta mbili, yakasita kidogo, yakaendelea chini. Hakuuona, alijiambia Gerson, na kwa mara ya kwanza hakufurahi. Binti alikuwa akikohoa.

"Siku kama hii ungekuwa kwenu Longido umepumzika," alimwambia.

"Longido kwa nani, Mwalimu? Mama alipoondoka, ile nyumba ilipata wenyewe wengine." Alisema hivyo bila kuinua macho, akauliza kama kuna chai.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Gerson iliishia kwenye goti lile. Siku ya Jumapili hakuisikia mahubiri. Aliona aibu, mzee mzima kumfungia mtoto wa watu mlimani kwa hila, ilhali vijana wa rika la binti wanatafuta maisha. Akikiri, kile kiti kitabaki kitupu mpaka naye azikwe. Asipokiri, siku moja binti atavunjika mguu kwa ajili ya kosa lisilokuwepo.

Jumatatu asubuhi aliita bodaboda, akashuka Tengeru huku amemshika dereva kiunoni kwa mikono miwili. Msimamizi wa kituo, Elifuraha, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake shule ya msingi, alitoka nje kumpokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeshuka na magoti hayo?"

"Marahaba. Nimekuja kuungama, na usinikatize." Gerson alikataa kukaa. "Programu yangu ni nzima. Imekuwa nzima siku nyingi. Mimi ndiye ninayeiharibu kila wiki, ili Naserian asiache kuja. Yeye hana kosa lolote. Basi hesabuni nimemaliza, mumpe kazi nyingine iliyo karibu, maana njia ile itamuumiza."

Elifuraha alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali asilolisomea.

"Mwalimu, mbona programu yako Naserian aliikabidhi hapa kabla ya Pasaka? Tuliijaribu sote, ikawa safi kabisa. Toka siku ile hatujamtuma kwako."

Gerson aliishika fremu ya mlango.

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi ndiyo tuna darasa kubwa, na tungemhitaji sana," alisema Elifuraha. "Lakini aliomba asipangiwe kabisa siku hiyo. Anasema ni lazima aende kwao."